Inakulaka nini?

Bamama, bapapa, bayaya, na zaidi nyinyi batoto benye mumekaa chini huku mbele juu viti biliisha, jambo kwenu bote.

Balinipa minuti makumi mbili na mikro, na mwenye anajua jamaa yetu anajua kama kumupa mutu wa kwetu mikro ni kujitafutia matatizo. Nitasema Kiswahili ya Goma, ile ya sokoni na ya ku robine, juu ile ya Tanzania naijua kusikiliza tu, nikijaribu kuisema inanikimbia katikati ya njia. Na benye baliniomba kisha niandike haya maneno ili benye habakufika basome, nimeandika vile nilisema, pamoja na penye batu balicheka.

Baliniita juu ya hadisi. Munazijua: batoto banaokota munyama wa ajabu mwenye bakubwa habamujue, banamuficha mu stoki ao chini ya kitanda, banamulisha kwa siri, na mama anabaki kushangaa mukate inaisha namna gani. Kila inchi iko na hadisi ya vile na kila mutoto anaipenda. Sasa papa moja, ako pale karibu na dirisha, asinikasirikie, alinishika mukono ku mulango mbele tuingie akaniuliza: Madamu, juu ya nini munafundisha batoto kuficha bazazi bitu? Swali ya muzuri kabisa. Nilimuambia Papa, kaa, nitakujibu, lakini nitapita njia ya mbali.

Tuanzie karibu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, magaribi, kila mutu hapa anakumbuka penye alikuwa. Mbingu ilikuwa nyekundu upande ya Kibati, batu banasema Nyiragongo, mulima wetu ya moto, imepasuka tena, bamoja banakimbilia bariyere ya Gisenyi, ku mupaka ya Rwanda, bengine Sake, siye tukashika ya Sake kwa miguu, magodoro ku kichwa, mbuzi, telefone zote zinalia mara moja. Mbele yangu kulikuwa mama moja na batoto bane, na mumoja, kavulana ka myaka munane hivi, alikataa kubeba bido, alikumbatia karto ya mafuta ya kupikia na mikono yote mbili. Karto ilikuwa na matundu matundu ya biki. Mama yake akageuka: Weye, umebeba nini mule? Akajibu: Bitabu bya masomo, mama. Mama: Bitabu gani binahitaji pumuzi?

(Hapa sali yote ilicheka, na mama moja nyuma akasema "ni mutoto wangu ule", sijui kama ni kweli.)

Kale katoto hakakujibu. Mama naye alikuwa na mingi ya kubeba, akaendelea na njia. Miye nilitembea nyuma ya ile karto mpaka karibu ya Mugunga, nikaona inatingishika yenyewe mara mbili, na sikuuliza kitu. Ile matundu nilikuwa nayijua. Niliyatobolaka na miye, na biki ya bulu, myaka kumi na tisa mbele ya ile magaribi.

2002, mwezi wa kwanza, tarehe 17, siku ya ine. Batoto benye munakaa hapa chini hamukukuwa mumezaliwa, kwa hiyo nitasema mbio: lava iliingia mu muji, ikapita ku kiwanja ya ndeke na kufunika kipande ya piste, ikakata katikati ya Goma mara mbili, ikachoma katedrali ya Saint-Joseph, ikafika mpaka mu ziwa na maji ikatokota. Nilikuwa na myaka kumi na moja. Kwetu ni hapa hapa Himbi, moto haikutufikia, lakini nani alikuwa anajua saa ile? Tulikimbilia Sake, tukalala masiku matatu mu darasa ya batu, kisha tukarudi kama batu bote balirudi, ata bale benye nyumba yao ilikuwa chini ya makoro, ile lava yenye imekuwa jiwe, banasimama tu juu ya jiwe yenye moshi na kusema "hapa njo salon".

Kitu yenye haikurudi mahali pake ni udongo. Ilibaki inatetemeka. Mchana, usiku, mu misa, unashika kikombe na chai inacheza. Bakubwa banatuambia "ni bure, itapita" na sura yao inasema ingine. Mutoto anasomaka sura mbele ya maneno, hiyo mutakubali.

Tulikuwa batatu: miye, mudogo wangu wa myaka saba, na mutoto wa parseli ya jirani mwenye tulimuita Fundi, juu alikuwa anatengeneza radio na msumari na mate. Fundi alikuwa na myaka kumi na mbili. Bazazi yake balikufa wakati ya vita, alikaa kwa shangazi yake, na kazi ya maji, ya makala na ya kuosha bungu, yote ilikuwa yake.

Siku moja tulitoroka kwenda kuangalia makoro ya moto. Mvua ilikuwa imenyesha, na penye maji ilianguka, moshi nyeupe inatoka mu jiwe kama mu sufuria. Ku kando kulikuwa muti wa avoka, nusu imeungua, nusu ikingali na majani. Fundi njo alimuona wa kwanza. Alikuwa ku tawi, mweusi sawa na makoro, urefu yake toka kiganja yangu mpaka ku kiwiko, na ku uso pembe tatu, moja juu ya pua, mbili mbele ya macho, zinaangalia mbele kama mikuki. Jicho moja inatuangalia siye. Ingine inaangalia mulima.

Mudogo wangu alijikojolea, na leo ako mutu wa heshima, ana bibi na batoto, kwa hiyo sitasema jina.

Fundi akanyoosha mukono, pole pole, na ule munyama akapanda. Mbele ya macho yetu akaanza kubadilika, weusi unatoka, majani inaingia, kisha mistari ya njano ku mbavu. Fundi akasema kwa sauti ya chini: Huyu hakukimbia moto. Alitoka mu moto.

Sasa mujue kama koko wetu, mama ya papa, alitupigiaka hadisi za bazee, kwamba roho ya benye habakumufuata Ryangombe, ule muzimu mukubwa wa zamani, inatupwaka mu Nyiragongo kuungua, na bale benye balimufuata banakaa ku mulima ya Karisimbi, penye kuko baridi na muzuri. Kwa hiyo kwetu siye mule mulima kulikuwa batu, kulikuwa maisha, kulikuwa jamaa. Na kama kuko jamaa, kuko batoto. Tulikaa pale juu ya jiwe ya moto tukafanya mahakama yetu, na tukaona wazi kabisa: huyu ni mutoto wa mulima, alipotea wakati lava iliteremuka, na udongo inatetemeka juu mama yake anamutafuta. Akikufa kwetu, mulima itakuya kumuchukua. Kumurudisha hatuwezi, kupanda kule Kibati kulikuwa baaskari. Tumufiche, tumulishe, mpaka mulima ipoe. Na hakuna kuambia mutu mukubwa ata mumoja. Tuliapa kwa kulamba chumvi.

Tulimupa jina Komanda. Juu anatembea kama mwaskari wa parade mwenye amesahau hatua, anainua muguu, anawaza, anarudisha, anainua tena. Na juu anabadilisha uniforme. Wakati ule Goma ilikuwa mu mikono ya RCD, kundi ya baasi, na siye batoto tulikuwa tumeona bakubwa benye balibadilisha uniforme mbio kupita yeye.

(Papa bamoja balipiga mikono hapa. Niliendelea mbio, sikukuya kwa politiki.)

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Tulimuwekea mu kifuniko ya chupa, hakugusa. Siku mbili hakugusa, ngozi ikaanza kukunjana ku tumbo na macho ikaingia ndani. Mudogo wangu njo aligundua, bila kutaka: alikuwa anapiga muswaki, akapiga chafya, na maji yote ya mu kinywa ikarukia ku majani yenye Komanda alikaa. Komanda akageuka. Akatoa ulimi, hapana ile ndefu ya kukamatia inzi, ncha tu, akalamba tone moja ku jani, kisha ingine. Hakujua maji ya kusimama, alijua paka maji yenye kuteremuka ku majani. Toka siku ile kila asubui mumoja wetu anajaza kinywa na kumupulizia kupita mu meno, fyuuu, ngisi mama anapulizia nguo ku kupiga pasi. Na mukumbuke mabomba ilikuwa imekatwa, maji ya kunywa ilikuwa ile ya dawa, koko anaihesabu kwa kikombe. Ile yenye tulimupulizia ilikuwa kipimo yetu. Tulikuwa tunaenda ku masomo na koo kavu na tunajisikia bakubwa sana.

Kazi ya pili, inzi. Hiyo haikutushinda, kisha lava inzi zilikuwa jeshi. Fundi alikuwa anaishika kwa bawa, anaiweka ku mbali ya mukono, na ulimi inatoka, urefu kupita Komanda mwenyewe, paf, na inzi haiko. Hatukuchokaka na ile. Mudogo wangu alishika kaye ya hesabu akaichora safu mbili: upande moja inzi, upande ingine udongo. "Leo amekula 6, hakuna kutetemeka." "Leo amekula 2, ilitetemeka mara 3, kikombe ya koko imeanguka." Niko nayo ile kaye mpaka sasa, na munisamehe, lakini nikiisoma inakamataka: siku zenye alikula muzuri, udongo ilinyamaza. Najua kama mutoto wa myaka saba anaandika paka yenye anataka kuona. Najua. Lakini wakati ule batu bote ba Goma balikuwa banalala na viatu, na siye batatu tulikuwa tunalala usingizi, juu tulijua mulima imekula.

Sasa penye tulimuficha. Kwanza tulimuweka mu shimo ya makoro ya zamani nyuma ya parseli, kama kapango, kwa ndani tuliweka karto, na mu karto tawi ya murefu yenye ilitokea kwa juu. Tulijiona benye akili. Juma moja ilipita muzuri. Asubui moja mapema, jua haiyatoka, hakuna upepo, tunafika tunakuta kuku mbili za jirani zimelala mule ndani ya shimo kama zimelazwa, hakuna damu, hakuna kidonda. Mudogo wangu anataka kuingia kuzitoa. Fundi alimushika na kola akamuvuta mpaka shati ikapasuka. Akawasha kijiti ya kiberiti, akaiteremusha pole pole na mukono. Ilipofika chini ya magoti yetu, pff, ikazima. Akawasha ingine. Pff, mahali pale pale, kama kuna maji yenye haionekane.

Mazuku. Bazazi munaijua, batoto musikilize: ile hewa mubaya inatokaka mu udongo wetu, ni gazi kaboniki, haina harufu, haina rangi, nzito kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mu mashimo, zaidi usiku na asubui mbele upepo iamuke. Mutoto mufupi anaingia mule na hatoki. Karto yetu ilikuwa ndani yake yote. Na Komanda? Alikuwa ku ncha ya tawi, juu kabisa, kwa nje ya shimo, mukia imejifunga mara tatu, mweusi kwa baridi, macho mbili zinatuangalia kama za mwalimu. Alipanda usiku. Kinyonga anapandaka juu kulala, leo hiyo naijua. Lakini asubui ile muniambie, mutoto gani angekuwa bado na mashaka? Tulimuhamisha mu stoki ya kwetu, juu ya tole, mu karto ya sabuni. Njo pale nilitobola matundu na biki ya bulu.

Papa wa ku dirisha, nimekusahau hapana. Unaniuliza juu ya siri, na siri hazifanane. Benye munajua Lubumbashi, ao munakumbuka manyumba ya myaka ya 70, munajua ile tablo ya Mamba Muntu yenye ilikuwa mu salon za batu: mwanamuke wa maji, muzungu, nywele ndefu, mukia ya samaki. Hadisi yake ni gani? Mutu anapata kitu yake, nywele ao kisanuo, yeye anakuya mu ndoto kuiomba, na kisha pale mutu anapata utajiri, ikiwa tu atanyamaza. Akisema, yote inaisha. Ile ni siri ya bakubwa: nyamaza, ule. Batu baliitundika mu salon, juu ya fotei, wageni baione! Siri ya batoto ni ingine. Siye tulinyamaza na hatukupata ata franka moja, tulipoteza maji, tulipoteza shati. Kama mutoto wako anakuficha kitu na anakonda, kuko shida. Kama anakuficha kitu na anaanza kuamuka mbele yako na kuosha mikono bila kuambiwa, mimi ningengoja kidogo.

Lakini sasa nifike penye sipendake kufika, na hapa siwezi kucheka.

Shangazi ya Fundi alikuwa na meza ya viatu mu muji, na meza na viatu bilibaki chini ya lava. Hakukuwa mama mubaya. Alikuwa mama mwenye amepoteza yote kwa siku moja na hakuna mutu wa kulaumu, mulima hauwezi kuuburuza ku mahakama. Batu bakamuambia aangalie mu nyumba yake, ni nani anamukulia bahati. Akaangalia. Akakuta mu mufuko ya Fundi bipande bya ngozi, nyeupe, nyepesi kama karatasi ya sigara, na kimoja kilikuwa na umbo ya pembe. Komanda alikuwa amevua ngozi, na Fundi aliviokota juu kwake vilikuwa vya samani. Yatima, pembe, ngozi, moto. Mu avni yetu hiyo ilitosha. Bakamupeleka mu chumba moja ya maombi, jina sitasema, na bakamufunga mule masiku matatu bila chakula na bila maji, pepo isikie njaa itoke.

Na Fundi hakusema kitu. Bakamuuliza ngozi ni ya nini, akanyamaza, juu alikuwa amelamba chumvi.

Na miye nilinyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza, siku ya pili nilinyamaza. Nilikuwa nimefanya hesabu: nikisema, batamuua Komanda, Komanda akikufa mulima itakuya, mulima ikikuya Goma yote itakufa. Mutoto mumoja na njaa, ku upande ingine muji muzima. Nikaona hesabu iko sawa. Nilikuwa wa kwanza mu darasa kwa hesabu.

Siku ya tatu asubui ilikuwa zamu yangu ya maji. Nikajaza kinywa, nikasimama mbele ya karto, nikapuliza. Komanda akaanza kulamba, tone, tone, tone, hana haraka. Na nikiwa nimesimama pale nikasikia mu mashavu yangu baridi ya maji yenye ilibaki, na nikaelewa kama niko napatia munyama maji na Fundi iko siku ya tatu. Maji ya mu kinywa ilinishinda kumeza. Niliitema. Nikabeba karto nikaenda nayo kwa koko, nikaiweka mbele yake, nikafungua, na nikafunga macho ngisi mutu anangoja kofi.

Sasa mujue, koko wangu alikuwa anaogopa kinyonga kupita nyoka. Akimuona mu shamba anazunguka njia, ata na muzigo ku mugongo. Nikasikia amenyamaza. Nikasikia pumuzi yake inaenda mbio. Hakulia, hakuita jina ya Yesu, hakuniuliza "ni nini hii" wala "ulitoa wapi". Akauliza:

Inakulaka nini?

Nikasema inzi. Akasema, na maji? Nikamuonesha na mashavu. Akauliza na nani anajua? Na pale yote ikatoka, Fundi, ngozi, chumvi, kaye, mulima, yote kwa mara moja na makamasi.

Koko akasimama, akavaa kikwembe ya misa. Akaniambia nimuweke Komanda ku bega lake. Nikasema koko, unamuogopa. Akasema: Nilikuuliza? Nikamuweka. Niliona shingo yake inatetemeka mahali penye miguu ya Komanda ilishika, na Komanda akawa mweusi tii, naye alikuwa anaogopa, bawoga babili bamebebana. Tukapita avni yote vile. Batu banafunga milango. Tukaingia mu ile chumba ya maombi na benye balikuwa mule bakatoka kupitia dirisha, nasema ukweli mbele ya Mungu, dirisha. Mumoja mukubwa akabakia, koko akamuambia: Ngozi yenye mulikuta ni ya huyu, anaivuaka kama nyoka. Bulozi yake ni kukula inzi. Mutoto nipatie.

Fundi alitoka kwa miguu yake, midomo imepasuka. Koko akamupa maji, kidogo kidogo. Toka siku ile alikaa kwetu. Shangazi yake alikuya kisha juma mbili na bilolo mu sahani, akaiweka ku mulango, hakusema kitu, koko akamuvutia kiti. Leo Fundi anatengeneza telefone kule Birere na alinipa ruhusa ya kusema haya yote, isipokuwa alitaka niseme ile radio haikuwa na mate.

Leo kuko sheria, namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ya kulinda mutoto, na inakataza wazi kuita mutoto mulozi, mwenye anafanya vile anafungwa. 2002 haikukuwa. Siku ile kulikuwa paka koko na kikwembe yake, na najua mu hii sali kuko batoto benye habana ata koko.

Myaka mingi kisha nikamuona Komanda mu kitabu ya banyama, foto yake muzima muzima. Kinyonga ya pembe tatu, wa misitu ya juu ya huku kwetu, Kivu, Rwanda, Burundi, Uganda. Jina yake ya sayansi ni Trioceros johnstoni, mutu wa sayansi Boulenger njo alimuandika wa kwanza, 1901. Pembe ni za dume, kwa hiyo kuhusu "Bwana Komanda" tulibahatisha. Rangi yake inafuata baridi, jua na moyo wake, hapana mahali penye amekaa. Nilisoma ile yote nikafurahi, na nikafunga kitabu, na haikumupunguza kitu.

Mwezi wa tatu koko akasema sasa arudi kwao. Tukapanda kamio yenye iliteremusha mashu, ilikuwa inarudi bule Kibumba, siye batatu na koko, na karto ku magoti ya Fundi. Kule ndugu ya koko alikuwa na shamba karibu ya pori. Baridi, ukungu, tshukudu, zile kinga za mbao za kubebea mizigo, zinateremuka na bilazi zinapiga kelele ya mbao. Fundi akanyoosha mukono ku tawi. Komanda akainua muguu, akawaza, akarudisha. Akainua tena. Shofere anapiga honi, koko anamuambia ungoje, mugeni anaaga. Alitumia karibu saa muzima kupanda urefu wa mutu mumoja, na mara moja aligeuza jicho moja kwetu, ingine ilikuwa imekwisha kwenda mbele. Kisha hatukujua tena kama ni yeye ao ni jani.

Usiku ule, Himbi, tuko batatu ku godoro moja. Mbele ya saa sita udongo ikatetemeka. Tole ikalia, kikombe ya koko ikacheza ku meza. Hakuna mwenye alisema kitu. Mudogo wangu akatafuta kaye yake mu giza, kisha akaiacha.

Fundi akasema: Anatembea.